Buti na mapezi ya kuzamia Mtende: nunua ukifikiria njia ya kutoka

Nikikanyaga vibaya, mpaka leo nahisi kitu mfano wa punje ya mchele chini ya dole gumba la mguu wangu wa kulia. Ni kipande cha mwiba kilichobaki ndani. Nilichomwa pwani ya Mtende, kusini mwa Unguja, msimu wa kusi, siku niliyotoka majini na pezi moja mguuni, jingine mkononi, na unyayo mtupu juu ya jabali. Tangu siku ile nimenunua, nimeazima na nimejaribu buti na mapezi ya kila namna, na vijana wa huku kusini wanaoanza kuzamia kutoka pwani hunijia kuniuliza. Nayaandika hapa yote kwa mara moja.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni baharini Kizimkazi, kuwaonyesha pomboo na matumbawe. Kwenye boti mambo ya miguu ni mepesi. Unakaa ukingoni, unavaa mapezi ya kiatu kizima, yale yanayoingia mguu mtupu, unajiachia majini. Ukimaliza unamkabidhi nahodha mapezi na kupanda ngazi. Mguu haukugusa jiwe hata mara moja. Nilifanya hivyo miaka mitano, nikiamini kuwa nayajua mapezi.

Siku za mapumziko narudi kwetu Mtende, na huko sina boti. Nashuka pwani kwa miguu, na miwani yangu na bomba la kupumulia, nazama kwa pumzi zangu mwenyewe. Mara chache, tukiwa wawili au watatu, tunabeba na mitungi ya hewa.

Kwa asiyepafahamu, ufukwe wa Mtende ni kipande kidogo cha mchanga kilichobanwa na majabali huku na huku. Majabali yale ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Mvua imeyala kwa juu, bahari imeyala kwa chini, yamebaki ncha na matundu. Sehemu ya chini, inayofunikwa na maji kila siku, ina utandu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Chaza wamegandia hapo na kingo zao zinakata kama wembe. Kwenye mashimo wamejibanza wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, mirefu kupita kiganja cha mkono, na miiba yenyewe ni mikavu: ikikuchoma inavunjikia ndani.

Kisha kuna maji yenyewe. Siku za bamvua, yaani maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, kutoka maji kupwa mpaka maji kujaa hapa Unguja inakaribia mita 4. Na hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakuja mbio. Siku ile niliingia saa nne na nusu asubuhi, maji yamekupwa kabisa, nikavaa mapezi yangu nimekaa juu ya mchanga mwororo kama niko uani kwetu. Saa saba nilipogeuza uso kurudi, ule mchanga nilioukalia haupo. Mawimbi yanapiga jabali moja kwa moja. Nikatafuta ukingo ulio chini kidogo, nikaushika, nikavua pezi moja kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupanda jabali na mapezi mawili. Ndipo likaja wimbi la pili, likaninyanyua, likanishusha kwa uzito wangu wote kwenye shimo lenye miiba.

Nililofahamu siku ile ndilo nililonalo la kumwambia mtu. Wengi wakichagua vifaa hujiuliza wataingiaje na wataogelea kwa kasi gani. Mie nakuomba uanze na kutoka. Wakati wa kuingia una nguvu, macho yako makavu, mahali umepachagua mwenyewe. Wakati wa kutoka umechoka, mapaja yamelegea, maji yamehama, na wimbi ndilo linalokuchagulia. Kifaa chochote cha mguu kipime kwa dakika zile.

Mama mdogo wangu alilijua hilo kabla yangu, na hajavaa pezi maishani mwake. Yeye ni mchokoaji wa pweza. Anafuata bamvua hadi kwenye mwamba, mkononi ana mti wake wa kuchokolea, na miguuni huvaa raba za skuli zilizochakaa, soksi nene mbili mbili ndani, na kamba ya kitambaa imezungushwa kifundoni. Ubavuni mwa raba ametoboa matundu kwa msumari wa moto. Nilipokuwa mdogo nilidhani zile ni shida za kukosa viatu vizuri. Siku nilipoanza kushika buti za kuzamia dukani nikazigeuza huku na huku, ndipo nilipoona kila alichokifanya Mama mdogo kina sababu: soli ngumu kwa ajili ya ncha, kifundo kimefunikwa, mchanga hauingii, na maji yana pa kutokea.

Basi tuanze na buti, kwa sababu buti hununuliwa kwanza na pezi baadaye. Nimewaona watu wengi wakifanya kinyume. Wanapata mapezi mazuri kwa bei nzuri, kisha wanatafuta buti ya kuingia humo, wanaishia na buti nyembamba kama soksi kwa sababu nene haipiti. Buti ndiyo inayogusa jabali. Pezi litafute la kuifuata.

Buti hizi zimeshonwa kwa neopreni, ule mpira laini wenye mapovu ya hewa ndani, na huuzwa kwa unene: milimita 3, 5, hata 7. Unene huo ni wa baridi. Maji yetu hushuka mpaka nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na hupanda mpaka 29 kaskazi ikikaribia kwisha, kwa hiyo milimita 3 inakutosha kabisa kwa joto. Mie navaa 5, kwa sababu inalainisha mgongano pale unapojigonga kifundo. Lakini usimsikilize muuzaji anayekusifia unene wa neopreni peke yake. Kinachokulinda ni soli. Igeuze buti uiangalie chini. Ishike kwa mkono mmoja ujaribu kuikunja katikati. Ikikunjika ikagusana ncha kwa kisigino kama kitambaa, hiyo ni ya bwawa la hoteli. Kisha fanya ninavyofanya mie: weka kokoto mbili tatu sakafuni, vaa buti, simama juu yake kwa mguu mmoja. Ukiweza kuzihesabu pembe za kokoto kwa unyayo, iache. Ukihisi tu kwamba pana kitu, ichukue.

Hata hivyo soli isiwe ngumu kama ubao. Mguu unahitaji kujikunja kidogo ili ushike jiwe, na ndani ya pezi unyayo ukikakamaa sana shavu la mguu linabanwa na misuli. Inayofaa ni soli inayojikunja mbele penye vidole na kukaa imara katikati na nyuma. Iwe imepanda pembeni mwa mguu kidogo, izunguke vidole kama pua ya kiatu, maana kwenye majabali vidole vinagongwa zaidi ya nyayo. Kuhusu utelezi, mistari mirefu iliyochorwa kwa mapambo haisaidii kitu. Tafuta meno mafupi yaliyokatwa kwa pembe kali. Zipo pia soli zilizobandikwa kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa, ambazo wavuvi wa mitoni katika nchi za baridi wamezitumia sana kwa kuwa hushika mawe yenye utandu wa kijani. Nimeziazima mara moja tu. Zilishika vizuri ajabu penye utelezi, ila ncha zetu ziliutafuna ule ukingo siku hiyo hiyo.

Chukua buti inayopita kifundo. Vile viatu vifupi vya maji vinavyouzwa mjini kwa wageni vinafaa kwa mchanga na kwa kina dada wanaokwenda kwenye mashamba ya mwani, lakini kwenye wimbi vinavuka, na vikishaingia mchanga vinakuchuna ngozi. Ile yenye zipu ubavuni ni nyepesi kuvaa na kuvua, hasa ikiwa na ulimi wa neopreni nyuma ya zipu kuzuia mchanga. Isiyo na zipu hudumu zaidi, ila uwe na subira. Na jambo dogo ambalo wengi hawalioni: nyuma ya kisigino pawe na kituta cha mpira. Hicho ndicho kinachoushikilia ukanda wa pezi usiteleze juu.

Mie huvaa vazi la stara la kuogelea, suruali yake ndefu. Mguu wa suruali nautoa juu ya buti, siuchomeki ndani. Ukiuchomeka, kila wimbi linakujazia maji na mchanga, unatoka umevaa ndoo mbili.

Niseme kweli kuhusu miiba: hakuna buti ninayoijua inayoizuia yote. Ile mirefu hupita neopreni ya ubavuni bila taabu, na ukiikanyaga kwa uzito wote yaweza kupita hata soli nyembamba. Buti inakupunguzia kazi, haikuruhusu ukanyage ovyo. Penye mchanga buruta miguu badala ya kuinyanyua, samaki aitwaye taa akisikia mtikisiko huondoka. Na yule samaki anayefanana na jiwe haondoki, huyo mwachie nafasi yake kwa kutoweka mguu mahali ambapo hujapaona.

Sasa mapezi. Kwa pwani ya mawe nachagua lenye kisigino wazi, linalofungwa kwa ukanda nyuma, kwa sababu ndilo linalopokea buti. Hapa sina mjadala. Pezi la kiatu kizima ni zuri sana kwenye boti, na wazamiaji wa pumzi hulipenda kwa kuwa nguvu yote ya mguu inakwenda kwenye ubapa, ile sehemu bapa inayosukuma maji, bila kupotea, lakini ukilivua umebaki na unyayo wako mtupu, na hapo ndipo mie nilipoumia.

Urefu wa ubapa ni suala jingine. Yale marefu ya kuzamia kwa pumzi yanapendeza macho na yanakupeleka mbali kwa teke moja. Mwenzangu mmoja anayo ya kaboni, mepesi kama karatasi. Kwenye maji mengi simfikii. Kwenye mlango wa kutokea, katikati ya majabali, nimemwona akihangaika kugeuka kama mtu aliyebeba ngazi uchochoroni, na ubapa mmoja ulipasuka ulipobanwa kwenye ufa wa jiwe. Kaboni haijui kujikunja kwa ubavu. Kwa Mtende nataka ubapa mfupi na mpana, wa kupiga teke la ghafla, kugeuka papo hapo, na kurudi nyuma inapobidi.

Ipo jamii ya mapezi ya mpira mtupu, mafupi, meusi, yenye matundu ya kupitisha maji, ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu miaka ya 1960. Jozi moja inaweza kukaribia kilo 3. Ukiyabeba kutoka kijijini hadi pwani utayalaumu. Ukiyapigiza kwenye jabali hayasemi kitu. Mapezi ya plastiki ngumu ni mepesi na mengine huelea, nayo ni faida, kwa sababu la mpira likikuponyoka kwenye povu linakwenda moja kwa moja chini, nawe kulizamia wakati wa wimbi si jambo la busara. Nimelitatua hilo kwa kitanzi cha kamba kwenye ukanda wa kila pezi, ninachokipitisha mkononi kabla sijalivua. Yale yenye ubapa uliopasuliwa katikati ni laini kwa magoti, mama wa makamo mmoja ninayezama naye anayasifu, lakini kwenye mkondo wenye nguvu nayaona hayanipi msukumo ninaoutaka, na ufa wake unapenda kunasa nyuzi za nyavu zilizotelekezwa.

Ukanda wenyewe usiupuuze. Ule wa mpira wenye vifungo vya plastiki huanza kupasuka kwa jua bila wewe kujua, halafu unakatika siku ya mawimbi. Springi ya chuma kisichoshika kutu haina vifungo, unavuta kishikio cha nyuma kwa kidole kimoja, pezi limetoka. Kwenye kutoka hicho kidole kimoja ni kila kitu, maana mkono wa pili umeshika jiwe au bega la mwenzako. Springi ni ghali, lakini zinahamishika kutoka pezi hadi pezi, na zangu zimeshapita mapezi mawili.

Ukienda kujaribu, nenda jioni, mguu umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, na nenda na buti zako. Ziloweshe kabisa. Muuzaji akikunja uso, muombe radhi, lakini ziloweshe, kwa sababu buti kavu inakwama kwenye mpira na utadhani saizi ni ndogo. Mguu uingie mpaka kisigino kibaki nje nusu. Nyanyua mguu, uutikise: pezi lisitikisike kivyake, wala vidole visijikunje. Mgongo wa mguu ukibanwa sasa hivi, baada ya saa moja majini utakufa ganzi. Kumbuka pia kwamba ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa maradufu, mapovu ya neopreni yanasinyaa, buti inakuwa nyembamba. Lililokuwa limeshika sawasawa juu linapwaya chini. Springi hujivuta yenyewe kufidia. Ukanda wa kawaida ukaze kidogo zaidi.

Kuingia nitakueleza kwa ufupi. Tembea na buti tu, mapezi mkononi, mpaka maji yafike kifuani. Miwani iwe usoni tayari. Hapo mshike mwenzako begani, kunja mguu mmoja juu ya goti la mwingine, vaa, badilisha. Ukilazimika kutembea umevaa mapezi, tembea kinyumenyume. Kabla ya yote hayo simama juu utazame mawimbi dakika kumi nzima, uone yanavyokuja makubwa kwa mkumbo kisha yakatulia.

Kutoka ndiko kwenye kazi. Siku hizi kabla sijaingia nachagua njia mbili za kutokea, ya maji madogo na ya maji makubwa, na hiyo ya pili naitembelea kwa miguu nikiwa bado mkavu. Wakati mwingine ni mwendo mrefu juu ya majabali kurudi nilipoacha nguo, na hapo ndipo soli ya buti inapolipa gharama yake. Nikikaribia nasubiri nje ya povu mpaka mkumbo upite, miwani usoni, bomba mdomoni. Naja na wimbi la mwisho dogo, nashika, navua pezi la kwanza kwa kidole, la pili kwa kidole, vitanzi mkononi, napanda kwa magoti na viganja. Siyakanyagi matumbawe hai. Ikiwa njia pekee inapita juu yake, basi hiyo si njia, nangoja maji.

Ukichomwa, Mama mdogo atakupaka utomvu wa papai bichi, kama ilivyofanywa kwetu siku zote, na mie niliupaka. Niliongeza maji ya moto, moto wa kuvumilika usiounguza ngozi, nikaloweka mguu mpaka maumivu yakashuka. Kwa sumu za samaki jiwe na taa, maji hayo ndiyo ya kwanza kabisa, na kutoka hapo hospitali bila kuchelewa. Kosa langu lilikuwa kuchokora miiba kwa sindano ya kushonea nyumbani. Niliivunja vipande, kidonda kikaoza, nikaishia kwa daktari na sindano ya pepopunda. Wiki tatu sikuingia majini, na kazi yangu ni maji.

Vifaa vyangu vingi ni vya mkono wa pili, kutoka kwa wageni wanaoondoka na wenzangu wa kazini. Buti nilizonazo nilizipata kwa elfu sitini. Ukinunua namna hiyo, vuta soli mahali inapokutana na neopreni. Gundi ikiwa imeanza kuachia, usikubali ahadi ya kwamba itabandikika. Ukishazipata, zisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zianike kivulini zikiwa zimepinduliwa ndani nje. Juu ya bati la jua la saa sita zinakufa mwezi mmoja. Zipu ipake nta ya mshumaa. Mapezi yalaze, usiyasimamishe kwa ncha ya ubapa, yatajipinda na hayatanyooka tena.

Mwezi uliopita nilimletea Mama mdogo buti za milimita 5, soli nzito, saizi yake. Alizivaa uani, akapanda juu ya rundo la mawe ya kujengea, akashuka, akapanda tena. Akauliza maji yakiingia yatatokea wapi. Nikamwambia hazina matundu, maji yanabaki ndani yakipata joto la mguu. Hakupenda. Alikwenda jikoni akatia msumari motoni, akatoboa matundu mawili kila upande, chini kabisa, juu ya soli. Bamvua la juzi alikwenda nazo mwambani, akarudi na pweza wanne na miguu haina mkwaruzo. Zangu nimeshazitoboa pia, tundu moja kila upande kwa sasa, na mwezi ukiandama nitakwenda nazo Mtende kuona kama mchanga utapita humo.